Kisanduku cha muhuri njia ya Yetman, Tucson: kimeondolewa, au tunatafuta pasipo?

Karabai_Tucson

Habari za humu ndugu zangu. Naandika kutoka Tucson, Arizona. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na sasa jangwa hili ndilo nyumbani kwangu na wanangu. Naomba msaada wa mtu anayejua mambo ya visanduku vya mihuri, vile ambavyo mtu huvificha kando ya njia ya matembezi, akaandika vidokezo, na wengine wakavitafuta. Ukikipata unagonga muhuri wako kwenye daftari lililomo ndani, unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, kisha unakirudisha palepale.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyetuingiza. Alichonga muhuri kwenye kifutio cha shule, akachora karabai, ile taa ya wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu bibi yake humsimulia jinsi ziwa linavyojaa taa usiku usio na mbalamwezi. Basi jina letu la njiani likawa Karabai. Visanduku vya mjini tumevipata, kwenye bustani za umma na karibu na maktaba. Hiki cha mlimani kimetushinda, na watoto ndiyo kwanza wanakitaka zaidi.

Kipo, au kilikuwepo, kwenye njia ya David Yetman ndani ya Tucson Mountain Park, magharibi ya mji. Tunaingilia upande wa Camino de Oeste, tunapita ile nyumba ya mawe isiyo na paa, tunaendelea kupanda. Kidokezo kiliandikwa mwaka 2004, na kwa Kiswahili kinasema hivi:

"Ukishaiacha nyumba ya mawe, panda na njia mpaka uvuke korongo la mchanga. Ng'ambo yake, mkono wa kushoto, imesimama saguaro yenye mikono minne. Simama kati yake na njia. Dira 240, hatua 40. Utavuka mfereji mdogo mkavu, kisha utakuta mwamba mrefu kuliko mtu, palo verde imeuegemea."

(Mstari wa mwisho nimeuondoa baada ya kushauriwa hapo chini.)

Kwa msio huku: saguaro ni ile kaktasi kubwa ya Arizona inayosimama wima na kunyoosha mikono, hufikia mita 12 na zaidi. Palo verde ni mti ambao gome lake ni la kijani.

Tunatumia dira ya simu, nayo nimeiweka kwenye kaskazini ya kweli. Saguaro tuliyoiona ng'ambo ya korongo ina mikono mitatu. Tukaanzia hapo, tukahesabu hatua 40, tukaishia kwenye changarawe na mipungate, hakuna mwamba wa kumzidi hata mwanangu wa mwisho. Tumerudi tena na tena. Kijana wangu anataka kugeuza kila jiwe, mimi nimemkataza kwa hofu ya nyoka na nge, na pia naona si heshima kufumua mlima kwa ajili ya kisanduku.

Je, mnadhani kimeshaondolewa? Na nyie mnatafutaje bila kuhatarisha watoto?

Mzawa_wa_Mwanza

Dada samahani, mimi huu mchezo ndiyo kwanza nausikia. Nani alianza kuficha mihuri porini, na anapata faida gani?

Nesi_Phoenix

Mama Karabai, nakuomba kwanza ufute ule mstari wa mwisho unaotaja kisanduku kimelala upande gani wa mwamba. Wapo wanaosoma humu ambao wangependa kukitafuta wenyewe, na mwenye kisanduku angependa wakitafute pia.

La watoto: mimi ni nesi, nahudumia watu wa jangwa hili. Kiungo cha cholla kikimshika mtoto, usikivute kwa vidole. Ni kaktasi ambayo vipande vyake hukatika ukivigusa tu, na miiba yake ina vikulabu vidogo. Beba chanuo la meno mapana, liingize kati ya ngozi na kile kipande, kirushe mbali kwa mkupuo mmoja, halafu miiba iliyobaki itoe kwa koleo dogo la nyusi. Nyoka mwenye kayamba mkiani hujitokeza zaidi kuanzia Machi hadi Oktoba, lakini siku ya Januari yenye jua naye huja kuota jua, kwa hiyo baridi isikudanganye. Mkono hauingii mahali ambapo jicho halijaingia. Mguu vilevile.

Na maji. Hata msimu wa baridi hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona na mtoto hasemi kiu mpaka kichwa kimeanza kumuuma. Kuanzia Mei msiende kabisa mchana. Nyuzijoto zikipita 38, mtoto anaweza kuzidiwa kabla hujajua kuna tatizo.

Mpima_Mstaafu

Mama Karabai, salamu kwako na kwa wanao. Nilikuwa mpima ardhi, Machakos na Kajiado, kabla sijaja kuishi Tucson kwa mwanangu. Kisanduku hicho sijakitafuta, ila kidokezo nimekisoma, nikakichora kwenye karatasi, na ninaona kwamba mahali penyewe hujafika bado. Kwa hiyo usiwaambie watoto kimeondolewa. Hakuna sababu ya kusema hivyo kwa sasa.

Anza na mfereji. Kidokezo kinasema utavuka mfereji mdogo mkavu kabla ya mwamba. Wewe umetuambia uliishia kwenye changarawe na mipungate, na mfereji hukuutaja. Mfichaji aliuandika makusudi, awe na kitu cha kukuhakikishia kwamba umbali unakwenda sawa. Kama hukuuvuka, basi ulisimama mapema.

Ulisimama mapema kwa sababu ya hatua. Watafutaji wengi wa visanduku, hasa wa miaka ile, huhesabu hatua pale mguu uleule unapogusa ardhi tena. Unaondoka na wa kushoto, wa kulia unapita bila kuhesabiwa, wa kushoto ukitua tena ndipo unasema moja. Ni hesabu ya askari wa Roma ya kale, ambao maili yao ilikuwa hatua elfu moja za namna hiyo. Kwa mtu mzima inakaribia mita moja na nusu. Hatua 40 ni mita 60. Ukihesabu kila mguu unafika mita 30 hivi, yaani nusu ya safari. Wapo wanaohesabu kila mguu, siwakatai, ila mfereji wako unatuonyesha huyu alikuwa wa namna gani.

Sasa dira, na hapa naomba usome polepole. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya kweli, inaelekea kaskazini ya sumaku, na tofauti ya hizo mbili inategemea uko wapi duniani na ni mwaka gani. Nairobi tofauti ni ndogo, mtu wa matembezi anaweza kuiacha bila kudhurika. Arizona haiachiki. Mwaka 2004 hapa Tucson sindano ilielekea mashariki ya kaskazini ya kweli kwa karibu nyuzi 11. Leo ni kati ya nyuzi 8 na 9, maana kaskazini ya sumaku yenyewe husogea kila mwaka. Na desturi ya mchezo huu ni kwamba kidokezo kisiposema ni kaskazini gani, ni ya sumaku, yaani namba ambayo mtu aliisoma kwenye dira yake ya mkononi bila kuirekebisha.

Simu yako iko kwenye kaskazini ya kweli. Kwa hiyo 240 ya mfichaji, kwa mwaka wake, ni 251 kwenye simu yako. Ukipata dira ya kawaida ya sindano, leo soma 242 au 243. Nyuzi 11 katika mita 60 zinakusogeza pembeni zaidi ya mita 11. Kwenye uwanja wa mpira huo ni mchezo. Kwenye mteremko wa mawe na miiba, mita 11 ni mwamba mwingine kabisa. Utakachokitafuta kiko mbali zaidi na kulia zaidi ya pale ulipokuwa unainama.

Inaniuma kila nikiona kidokezo kizuri namna hii kikikosa maneno matatu, "kaskazini ya sumaku", na neno moja baada ya "hatua". Mtu amepanda mlima, amechonga muhuri kwa mkono wake, amechagua mwamba wenye kivuli, halafu miaka ishirini baadaye mama na watoto wanazunguka juani kwa sababu ya maneno manne. Wafichaji mnaosoma humu, andikeni.

Tatu ni saguaro. Mikono mitatu si minne. Saguaro huota mkono wa kwanza ikiwa na miaka 50 hadi 75, na nyingine hukaribia 100 kabla ya kuota, kwa hiyo katika miaka ishirini ni rahisi zaidi kupoteza mkono kuliko kuongeza mkubwa. Nenda uitazame shina lake pande zote. Mkono ukianguka unaacha kovu kubwa lililokauka. Ukiona kovu, ndiyo yenyewe. Usipoliona, tafuta mbavu ardhini. Saguaro ikianguka, nyama yake huoza, zikabaki fito ndefu za mti zilizokuwa zimeisimamisha, na hizo hukaa miaka mingi. Kati ya fito hizo unaweza kukuta vifuko vigumu vya umbo la kibuyu: ni matundu ya kigogota, ambayo kaktasi huyajengea ukuta wa kovu kuzuia maji yake yasipotee. Waonyeshe watoto, viacheni hapo hapo. Watohono O'odham, wenye nchi hii tangu kale, hufunga fito hizo pamoja kupata upondo wa kuangulia matunda ya saguaro mwezi Juni na Julai, na kwao saguaro ni ndugu. Ndiyo maana nami siwezi kuona mtu akiichezea kwa mawe nikanyamaza. Sheria ya Arizona nayo inailinda.

Kuhusu kugeuza mawe, mama uko sawa na kijana wako akusikilize. Kisanduku kilichofichwa vizuri hakihitaji kufumua kitu. Fika kwenye mwamba, simama, mikono mfukoni, tazama kwa macho tu kwa muda. Mawe yaliyolala yenyewe yameshika vumbi na mizizi pembeni, na upande wa juu una rangi ya jua kuliko wa chini. Jiwe lililowekwa na mtu hukaa vibaya: limeegemea mwenzake bila sababu, au upande wake mweupe umetazama juu, au chini yake pana kivuli kinachozidi. Ukilitambua, tumia fimbo ya kutembelea kulivuta upande wako huku wewe umesimama nyuma yake, ili kama kuna aliyelala chini atoke upande wa pili. Kisha lirudishe kama lilivyokuwa.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kumshuku. Jangwani hapa kuna panya wanaokusanya vitu, wanajenga lundo la vijiti na vipande vya cholla chini ya mwamba au mpungate, na chochote kinachowapendeza wanakibeba: kifuniko cha chupa, funguo, kalamu. Lundo la panya hawa linaweza kudumu ajabu, mkojo wao unakauka ukawa gundi, na wanasayansi wamefukua malundo ya miaka zaidi ya 40,000 wakajua ni mimea gani iliota hapa enzi za barafu. Kisanduku kizima hawakiwezi, lakini mfuko wa plastiki au muhuri ulioachwa nje watauchukua. Ukiona lundo karibu na mwamba, litazameni kwa mbali. Msilifukue: mna miiba, na kunguni wakubwa wanaonyonya damu hupenda kukaa humo.

Watoto wakikuuliza kuhusu nyumba ya mawe: aliijenga Sherry Bowen, mtu wa gazeti la Arizona Daily Star, miaka ya 1930, pamoja na mkewe Ruby aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Waliondoka 1944. Ukuta wake ni mnene, ndani pana ubaridi hata Aprili, ni mahali pazuri pa kula chakula kabla ya kupanda.

Mzawa wa Mwanza, mchezo huu ulianzia Uingereza, kwenye nyanda za Dartmoor, 1854. Mwongoza wageni mmoja wa Chagford aitwaye James Perrott aliweka chupa pale Cranmere Pool, mahali pa matope palipo mbali na barabara, ili waliofika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na postikadi, na anayefuata kufika anazichukua na kuzituma kwa posta. Mihuri ikaja baadaye. Marekani mchezo ulisambaa baada ya makala ya jarida la Smithsonian mwaka 1998. Faida ya pesa hakuna. Mtu anakutuma mahali anapopapenda, nawe unaacha alama kwamba ulifika.

Salim_Ramani

Mzee shikamoo. Haya yote ya kuhesabu miguu ya nini, wakati kuna setelaiti? Si mama apewe namba za mahali, afuate simu, afike mlangoni?

Mpima_Mstaafu

Marahaba Salim. Namba hizo hazipo kwa kisanduku hiki, mfichaji hakuzitoa. Mchezo unaousema ni ndugu wa huu: ulianza Mei 2000 huko Oregon, mara tu serikali ya Marekani ilipoondoa kosa la makusudi kwenye ishara za setelaiti zake, tarehe 2 mwezi huohuo. Naupenda pia, wajukuu wangu wanaucheza. Lakini mtoto anayefuata mshale wa simu hutazama simu njia nzima. Mtoto anayeambiwa "utavuka mfereji mkavu" anautazama mlima. Nimefundisha vijana kupima ardhi, na waliokuja kuwa wapimaji wazuri ni wale waliojua kutazama kwanza.

Setelaiti zina kazi hapa hata hivyo. Mama, weka alama kwenye ramani ya simu pale unapoanzia, kisha tembea hadi ikuambie mita 60. Itakusaidia pale miiba inapokulazimisha kuzunguka na hesabu ya miguu ikapotea. Na ukizunguka cholla, zunguka kulia mara moja na kushoto mara moja kwa kiasi kilekile, ili urudi kwenye mstari wako.

Nesi_Phoenix

Mzee asante, mimi mwenyewe sikuwa najua hilo la mwaka wa dira. Nina kidokezo cha South Mountain, mlima wa huku Phoenix, ninachokihangaikia, leo nimekitoa kabatini.

Naongeza moja kwa mama: mkiona mjusi mnene mwenye shanga za rangi ya chungwa na nyeusi mgongoni, ni mjusi wa Gila. Ana sumu na sheria ya Arizona inamlinda tangu 1952. Mwendo wake ni wa pole, hatawafuata. Mpisheni tu.

Karabai_Tucson

Tumekipata! Mzee, Mungu akubariki. Naandika nikiwa bado na vumbi miguuni.

Nilifanya kama ulivyosema. Saguaro ile ya mikono mitatu haina kovu popote, tumeizunguka yote. Kijana wangu akawa wa kwanza kuona mbavu: zimelala kwenye majani makavu, karibu zaidi na korongo kuliko tulipokuwa tunasimama, na kifuko kimoja cha kigogota kimo katikati yake. Amekishika, akakitazama sana, amekirudisha. Kumbe saguaro yetu ya mikono minne ilishaanguka, na siku zote tulikuwa tunaanzia kwa jirani yake.

Tukaanzia hapo, 251 kwenye simu, hatua za mguu wa kushoto tu. Binti anahesabu kwa sauti, mimi mbele na fimbo. Mfereji mkavu ulikuja tukiwa tumeshapita nusu, mdogo kweli, mtu anaweza kuuruka. Mwamba ukafuata, na palo verde iko pale bado, imekua, matawi yake yamefunika upande mmoja wote. Lundo la panya lipo chini yake, kubwa, limejaa cholla, nikawaweka watoto mbali. Tukasimama mikono mfukoni kama ulivyotuagiza. Binti akasema, "Mama, lile jiwe bapa limelala kinyume na yote." Nikalivuta kwa fimbo. Hakutoka mtu. Kisanduku hicho!

Muhuri ni wa yule kwale wa hapa, mwenye kishungi kimeinama mbele ya paji. Umechongwa kwa uzuri mno, unaona hata manyoya ya kifua. Daftari lina majina ya watu wengi, wa kutoka majimbo mbalimbali, mmoja amechora kobe wa jangwani kwa kalamu. Sasa karabai yetu iko humo pamoja nao, na binti ameandika chini yake "Ziwa Tanganyika" kwa herufi kubwa. Nilimpigia mama yangu simu ya video kutoka palepale, mtandao ulikuwa wa kusuasua lakini aliona, akapiga vigelegele mpaka watoto wakaona aibu.

Nina maswali mawili. Kifuniko cha kisanduku kimepasuka na mfuko wa ndani umekuwa mgumu, unakatika vipande. Nina haki ya kukibadilisha? Na binti sasa anataka kuficha cha kwetu, chenye muhuri wa karabai, jangwani hukuhuku. Tuanzie wapi?

Mzawa_wa_Mwanza

Hongera sana! Mwambie binti hata sisi wa ziwa lingine tumefurahi.

Mpima_Mstaafu

Hongera mama, hongera binti, na kijana mpe mkono wangu kwa kuziona mbavu. Hiyo ndiyo kazi ya mpima ardhi: alama ya mwanzo ikipotea, tafuta mabaki yake kabla ya kuchagua nyingine.

Kisanduku ni cha mwenyewe, kwa hiyo kwanza mwandikie kupitia Atlas Quest, tovuti ya watafutaji wa visanduku hivi, au pale ulipokitoa kidokezo. Mwambie kifuniko kimepasuka, saguaro imeanguka, muhuri ni mzima. Mfuko wa ndani badilisha bila kusubiri, hilo kila mtafutaji anaruhusiwa, na beba miwili: mmoja wa daftari, mmoja wa muhuri, visikae pamoja wino ukahamia kwenye karatasi. Chombo chenyewe usibadilishe mpaka akujibu. Akikuruhusu, chagua chenye kifuniko cha kubana pande nne, rangi ya mchanga au ya kahawia. Plastiki inayopenya mwanga hukatika upesi kwa jua la huku. Na usikihamishe hata kidogo, hata ukiona mahali pazuri zaidi.

La kuficha. Uliza mwenye ardhi kabla ya kuchonga chochote, na kwa Tucson Mountain Park hao ni watu wa kaunti ya Pima. Saguaro National Park iko jirani tu lakini ni hifadhi ya taifa, huko huachi kitu bila kibali, msipachanganye kwenye ramani. Mkipata ruhusa, msifiche ndani ya korongo wala kwenye ukingo wake hata kama mchanga unaonekana haujaguswa. Mvua za huku huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, na wingu linaweza kunyesha mlimani huku nyie mko kwenye jua, maji yakashuka na magogo. Msifiche karibu na lundo la panya. Msifiche mahali ambapo mtafutaji atakanyaga mimea michanga kuufikia mwamba: saguaro ndogo huota chini ya kivuli cha palo verde na mesquite, mti mwingine wa jangwa hili, baada ya miaka kumi bado inaweza isizidi urefu wa kidole, na mguu mmoja unatosha kuiua. Chagueni mwamba unaofikiwa kwa kukanyaga mawe matupu, karibu na njia iwezekanavyo.

Kianzio kiwe jiwe au kona ya njia, kisiwe mmea. Binti aandike nyuzi za kaskazini ya kweli, kisha za sumaku pamoja na mwaka, na umbali kwa mita. Hatua aziweke tu kama anapenda, akisema ni za mguu mmoja au miwili.

Na muhuri wa karabai auchonge kwenye mpira mgumu wa kuchongea mihuri, unapatikana maduka ya vifaa vya sanaa. Kifutio cha shule kinafaa kubebwa mfukoni, lakini joto la Juni ndani ya kisanduku hukilainisha kikang'ang'ania mfuko, na mistari myembamba ya taa itapotea. Wino msiuache ndani, utakauka. Andikeni kwenye kidokezo kwamba mtafutaji aje na wake.